Sitini na Nne ya Eldoret: Nambari ya Tarakimu Ishirini na Hesabu ya Maradufu

Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, uliwahi kuitwa kwa nambari. Wazee wa Uasin Gishu waliuita Sisibo, na Sisibo ni sitini na nne ya Kiingereza ilivyotamkwa na wenyeji. Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa huku na kazi, na kila nikilisikia jina hilo akili yangu hukimbilia nambari nyingine iliyozaliwa na 64, nambari ya tarakimu ishirini:

18,446,744,073,709,551,615

Kwa maneno ni kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, na 551,615. Watu wa hesabu huiandika kwa ufupi: 2 kwa kipeo cha 64, toa 1. Yaani chukua mbili sitini na nne, uzizidishe zote pamoja, kisha uondoe moja.

Makala hii inaeleza nambari hiyo imetoka wapi, imejengwa kwa vigawo gani, na inatumika wapi leo. Diploma yangu ni ya uhasibu, si ya hisabati za chuo kikuu, kwa hivyo hakuna hatua humu inayohitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Nina sababu ya kuiandika sasa. Mipango ya "leta wawili, nao walete wawili" imerudi tena kwenye simu zetu, na mtu anayeifahamu nambari hii hawezi kuingizwa humo kirahisi.

Mji ulioitwa nambari

Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200 kutoka kusini mwa Afrika walishuka bandarini Mombasa. Walipanda gari la moshi hadi Nakuru, kisha wakaendelea kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mpaka uwanda wa Uasin Gishu, uliokuwa malisho ya Wamaasai na Wanandi kabla yao. Serikali ya kikoloni iliikata ardhi hiyo mashamba na kila shamba likapewa nambari. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa kwenye shamba nambari 64, na kijiji kikakua pale pale. Wako wanaosema pia kwamba 64 ni maili zilizokuwapo kutoka reli hadi kijijini. Mwaka 1912 jina rasmi likawa Eldoret, kutokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, nao ni mto Sosiani unaopita katikati ya mji hadi leo.

64 yenyewe ina sifa zake. Ni 8 mara 8. Ni 4 mara 4 mara 4. Ni mbili sita zikizidishwa pamoja. Ukiiacha 1, ndiyo nambari ndogo kuliko zote ambayo ni kipeo cha pili cha nambari nzima na papo hapo ni kipeo cha tatu cha nambari nyingine nzima. Ubao wa sataranji una miraba 64. Na bao letu la Kiswahili, linalochezwa barazani Lamu, Mombasa na Unguja, lina mashimo 32 na kete 64. Mzee anayesambaza kete zake anaishika 64 mkononi kila siku.

Hadithi ya punje za ngano

Inasimuliwa kwamba mfalme mmoja wa India alifurahishwa na mchezo wa sataranji, akamwambia aliyeubuni, Sissa, achague zawadi. Sissa akaomba punje moja ya ngano kwa mraba wa kwanza, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, nane kwa wa nne, na hivyo hivyo maradufu mpaka mraba wa 64. Mfalme akaona ombi hilo ni dogo mno na halilingani na heshima yake. Makarani wake walipopiga hesabu ndipo ikajulikana kuwa ghala zote za ufalme hazitoshi.

Hadithi ni hadithi, lakini hesabu yake ni ya kweli, na walioishughulikia mapema kwa maandishi ni pamoja na wanazuoni wa Kiislamu. Al-Uqlidisi aliyeandika kitabu chake cha hesabu Damascus mwaka 952 alieleza jinsi ya kuongeza maradufu mara 64. Abu Rayhan al-Biruni, karibu mwaka 1000, aliitoa jumla kamili hadi tarakimu ya mwisho. Baadaye, katika karne ya 13, Ibn Khallikan aliisimulia habari ya Sissa katika kamusi yake ya watu mashuhuri. Anasema alikuwa na shaka nayo mpaka mhasibu mmoja wa Alexandria alipomwonyesha hesabu kwenye karatasi. Kwa kuwa mimi pia ni mhasibu, habari ya mwenzetu huyo wa Alexandria hunipendeza sana.

Jinsi jumla inavyopatikana

Hii hapa baadhi ya miraba, na punje zinazoangukia kila mmoja:

Mraba wa 1: punje 1
Mraba wa 8: punje 128
Mraba wa 11: punje 1,024
Mraba wa 16: punje 32,768
Mraba wa 21: punje 1,048,576
Mraba wa 32: punje 2,147,483,648
Mraba wa 41: punje 1,099,511,627,776
Mraba wa 64: punje 9,223,372,036,854,775,808

Kuijumlisha miraba yote mmoja mmoja ni kazi ya kuchosha. Iko njia fupi. Azima punje moja kutoka nje. Iweke pamoja na punje ya mraba wa kwanza, upate 2. Hizo 2 ziungane na 2 za mraba wa pili, upate 4. Hizo 4 ziungane na 4 za mraba wa tatu, upate 8. Kila ukipanda mraba mmoja, ulichonacho mkononi ni sawasawa na kilichomo kwenye mraba unaofuata, kwa hivyo kinaongezeka maradufu. Ukimaliza mraba wa 64 una mbili 64 zilizozidishwa pamoja. Sasa rudisha ile punje uliyoazima. Ndiyo sababu ya "toa 1".

Hapo pia tumeipata sifa ya kwanza kubwa: mraba wowote una punje moja zaidi ya miraba yote iliyoutangulia ikiwekwa pamoja. Mraba wa 4 una 8, na mitatu ya nyuma ina 1 na 2 na 4, jumla 7. Mraba wa 64 peke yake unaizidi miraba 63 kwa punje moja. Iweke sifa hii akilini, maana tutaihitaji tutakapofika kwenye pesa.

Al-Biruni naye alitumia mkato mwingine. Badala ya kuzidisha kwa mbili mara nyingi, alizidisha nambari kwa yenyewe. Mbili mara mbili ni 4. Nne mara nne ni 16. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256. Kisha 65,536. Kisha 4,294,967,296. Kisha 18,446,744,073,709,551,616. Mazidisho sita tu na kazi imekwisha, kwa sababu 64 ni mbili sita zikizidishwa pamoja. Ili wasomaji wake waone ukubwa wa jumla hiyo, al-Biruni aliigawa kwa mizigo, kwa nyumbu, kwa misafara na kwa mabonde, akaishia na milima 2,305.

Ngano hiyo ingetoka wapi?

Swali hili mtu wa Eldoret analijibu vizuri kuliko mfalme wa India, kwa kuwa Uasin Gishu ni miongoni mwa kaunti zinazolima ngano nyingi Kenya. Punje elfu moja za ngano zina uzito wa karibu gramu 40, kwa hivyo gunia la kilo 90 lina punje kama milioni mbili na robo. Mraba wa 22, wenye punje 2,097,152, ndio unaokaribia kujaza gunia la kwanza.

Nusu ya kwanza ya ubao, miraba 32, ina jumla ya punje 4,294,967,295. Hizo ni karibu tani 172, au magunia 1,900 na kitu. Mkulima anayevuna magunia 20 kwa ekari angezitoa kwenye ekari 95. Mkulima wa namna hiyo yuko, na mfalme asingehangaika kumlipa Sissa nusu hiyo.

Nusu ya pili ndiyo inayovunja ufalme. Jumla yote ni karibu tani bilioni 738. Dunia nzima sasa huvuna takriban tani milioni 800 za ngano kwa mwaka, kwa hivyo zingehitajika zaidi ya miaka 900 ya mavuno ya dunia, bila mtu yeyote kula mkate, chapati wala mahamri.

Ukizibadilisha punje ziwe sekunde, unapata miaka bilioni 584. Wanasayansi wanakadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8.

Sifa zinazoonekana kwa macho

Turudi kwenye nambari yenyewe. Tarakimu yake ya mwisho ni 5, kwa hivyo ni witiri, neno tunalolijua pia kutokana na swala ya witri, na inagawanyika kwa 5. Ukijumlisha tarakimu zake zote ishirini unapata 87. Kwa kuwa 87 inagawanyika kwa 3 lakini haigawanyiki kwa 9, nambari nzima nayo inagawanyika kwa 3 na haigawanyiki kwa 9.

Ukiigawanya kwa 7 hubaki 1. Maana yake, siku 18,446,744,073,709,551,615 baada ya Ijumaa itakuwa Jumamosi. Hesabu ya siku hiyo ni rahisi kwa sababu kuongeza maradufu kunazunguka: mabaki ya 2, 4, 8, 16, 32, 64 yakigawanywa kwa 7 ni 2, 4, 1, kisha tena 2, 4, 1, bila kukoma. Kipeo cha 64 kinaangukia kwenye 2, ukitoa 1 inabaki 1. Hatukulazimika kuigawanya nambari ya tarakimu ishirini. Tulitazama mzunguko tu.

Kwenye kompyuta nambari hii huandikwa kwa 1 sitini na nne mfululizo, kwa kuwa kompyuta inahesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Simu nyingi za leo zina kichakataji cha biti 64, na hii ndiyo nambari nzima kubwa kuliko zote inayoweza kukaa katika nafasi moja ya biti 64. Ikiongezwa moja, nafasi inajaa na kurudi sifuri. Mifumo ya zamani yenye biti 32 ina nafasi ndogo zaidi. Ile inayohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa kuacha biti moja ya alama itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za kwetu. Mafundi wanaendelea kuibadilisha kabla ya siku hiyo.

Kuivunja vipande

Nambari tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Kila nambari nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa au imejengwa kwa nambari tasa zilizozidishwa, na ina njia moja tu ya kujengwa hivyo. Kuijua nambari ni kuvijua vigawo vyake tasa.

Kwa nambari yetu iko njia ya ngazi. Chukua nambari yoyote, izidishe kwa yenyewe, toa moja. Jibu daima ni sawa na nambari iliyo chini yake kwa moja, mara iliyo juu yake kwa moja. Kwa mfano, 16 mara 16 ni 256, ukitoa 1 ni 255, na 255 ni 15 mara 17. Sasa tushuke:

18,446,744,073,709,551,615 ni 4,294,967,295 mara 4,294,967,297.
4,294,967,295 ni 65,535 mara 65,537.
65,535 ni 255 mara 257.
255 ni 15 mara 17.
15 ni 3 mara 5.

Ukiziokota zilizobaki kila ngazi, jitu letu lote ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537 mara 4,294,967,297. Tano za kwanza ni tasa. Swali ni hiyo ya sita.

Mwanasheria wa Ufaransa Pierre de Fermat, katika miaka ya 1640, aliamini kwamba ni tasa pia, na kwamba zote za ukoo huo zitakuwa tasa. Karibu miaka mia moja ilipita. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417.

Aliipataje 641? Mtu wa Sisibo asikilize vizuri hapa. Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha nambari hiyo lazima kiwe 64 mara kitu fulani, ongeza 1. Hilo linafuta karibu kila nambari ya kujaribiwa. Orodha ya nambari tasa za namna hiyo inaanza 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano linafungua mlango, kwa kuwa 641 ni 64 mara 10, ongeza 1. Na mwenzake 6,700,417 ni 64 mara 104,694, ongeza 1. Shamba nambari 64 limo ndani ya vigawo vyote viwili.

Kwa hiyo ujenzi kamili ni huu: 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417. Nambari tasa saba, na hakuna iliyorudiwa. Kila moja unaweza kuichukua au kuiacha, kwa hivyo vigawo vyote, pamoja na 1 na nambari yenyewe, ni mbili saba zikizidishwa: 128. Ukivipanga wawili wawili, kila jozi ikizidishwa itoe nambari yetu, unapata jozi 64.

Nambari 3, 5, 17, 257 na 65,537 ndizo za pekee za ukoo wa Fermat zinazojulikana kuwa tasa hadi leo. Mjerumani Carl Friedrich Gauss aligundua mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 18, kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Kazi yake ikaonyesha kwamba nambari hizi tano ndizo ufunguo wa maumbo ya namna hiyo.

Sefu nzito na kufuli la simu

Eldoret ina hadithi ya benki inayosimuliwa sana. Benki ya Standard ilipofika mjini mwaka 1912, sefu yake ilikuwa nzito kiasi kwamba iliposhushwa kwenye gari la ng'ombe haikuwezekana kuisogeza tena, basi jengo la benki likajengwa kuizunguka. Uzito wake ndio uliokuwa ulinzi wake.

Pesa za leo zinalindwa kwa uzito wa aina nyingine. Moja ya kufuli zinazotumika mtandaoni inaitwa RSA, kwa herufi za majina ya Rivest, Shamir na Adleman walioibuni mwaka 1977. Chukua nambari tasa mbili kubwa sana, uzizidishe, utangaze jibu na uzifiche zile mbili. Anayetaka kulivunja kufuli kwa njia hiyo itabidi avipate vigawo viwili.

Nambari yetu ya tarakimu ishirini isingefaa kuwa kufuli. Tumeivunja kwa ngazi ya kalamu na karatasi, na simu ingeivunja kabla hujapepesa jicho. Mwezi Februari 2020 watafiti walivunja nambari ya tarakimu 250, kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa takriban miaka 2,700. Kufuli zinazotumika sana zina biti 2,048, yaani tarakimu 617. Na ndani ya kufuli hizo mara nyingi mna nambari ya wazi inayosaidia kufunga ujumbe, nayo ni 65,537, kigawo chetu kile kile.

Ila mlinzi huyo analinda mlango tu. Mwenye pesa akiitoa mwenyewe kwa mkono wake, hakuna nambari tasa itakayomsaidia.

Mraba wa mwisho ni wa nani?

Katika kundi la WhatsApp la watu wa Pwani tunaoishi Eldoret ulipita ujumbe mwaka huu. Toa shilingi 2,000, lete watu wawili, nao kila mmoja alete wawili, na malipo yako yataongezeka maradufu kila ngazi. Vijana waliniuliza kama ni halali na kama ni salama. Niliwapa jibu la ubao.

Mpango huo ni miraba ya Sissa. Ngazi ya kwanza mtu 1, ya pili 2, ya tatu 4. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 475,716 mjini Eldoret. Ngazi 18 zinahitaji watu 262,143, na ngazi 19 zinahitaji 524,287. Kwa hivyo hata ukimwingiza kila mtoto mchanga na kila mgonjwa hospitalini, Eldoret inaishiwa na watu kwenye ngazi ya 19. Kaunti nzima ya Uasin Gishu ilikuwa na watu 1,163,186, na Mombasa 1,208,333. Kila moja peke yake inashindwa kwenye ngazi ya 21. Kenya yote, watu 47,564,296, inashindwa kwenye ngazi ya 26. Ngazi 33 zinahitaji watu bilioni 8.59, na dunia haina watu hao. Ikiwa kila wiki ni ngazi moja, Eldoret imekwisha kabla ya miezi mitano.

Sasa kumbuka ile sifa: mraba wa mwisho una moja zaidi ya yote iliyotangulia. Mpango wa piramidi ukisimama kwenye ngazi yoyote, iwe ya 5 au ya 25, walio kwenye ngazi ya mwisho ni zaidi ya nusu ya watu wote. Hao hawajaleta mtu na hawatapata mtu. Shilingi zao ndizo zilizolipwa kwa walio juu. Mwenye mpango anaweza kuwa mkweli au mwongo, hesabu haibadiliki.

Kenya ilishajifunza somo hili kwa machungu. Mipango ya piramidi iliyoanguka kuelekea mwaka 2007 iliacha maelfu ya familia mikono mitupu, na kikosi kazi cha serikali kilichoongozwa na Francis Nyenze kilikadiria hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 8. Wengi waliopoteza waliingizwa na watu waliowaamini: jirani, shemeji, mwenzao wa msikitini au kanisani. Ngazi ya chini hujazwa na jamaa.

Mtu asichanganye mambo haya na upatu. Watu kumi na wawili wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kila mmoja kwa mwaka atatoa 12,000 na atapokea 12,000. Hakuna anayehitaji mtu mpya, na upatu unaweza kusimama siku zamu inapoisha bila mtu kudhulumiwa.

Na riba ni ubao ule ule unaojazwa polepole. Sura ya Aali Imran inapokataza kula riba inaitaja kwa sura hiyo hiyo ya maradufu juu ya maradufu. Chukua mkopo wa shilingi 1,000 wenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi, nayo ikilimbikizwa juu ya deni. Kabla ya mwezi wa nane kuisha deni limefika 2,000. Baada ya miaka miwili ni karibu 9,850. Wahasibu wana njia ya haraka: gawanya 70 kwa asilimia ya riba, utapata takriban muda wa deni kuongezeka maradufu. Sabini kwa kumi ni saba, yaani miezi saba na kitu. Asilimia 5 kwa mwezi, ni miezi kumi na minne.

Basi mpango wowote ukikufikia kwenye simu, chukua karatasi kabla ya kuchukua pesa. Andika 1, uongeze maradufu, uendelee mpaka uivuke idadi ya watu wa mji wako. Hesabu ni mara ngapi umeongeza, na ujiulize wewe unaingia ngazi ya ngapi. Kwa Eldoret hazifiki mara ishirini. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya mbele ya babake.

Wabillahi tawfiq.